Majani hupimwa mbele yako, mbona karo huulizi?

Nenda kwenye kituo chochote cha kununulia majani chai, msomaji mpenzi, kiwe cha upande wa Litein, Kapkatet, Mogogosiek ama Tirgaga, usimame kando kidogo wakati lori la kiwanda linapowasili. Mama aliyeinama shambani tangu alfajiri haondoki mara tu mzigo wake unapowekwa kwenye mizani. La hasha! Hunyoosha shingo akasoma nambari, akangoja apewe kikaratasi chake, akakisoma tena, ndipo anapokikunja na kukifunga kwenye pindo la leso. Karani akithubutu kupunguza hata nusu kilo, kelele zitasikika ng'ambo ya bonde. Ana sababu. Kikaratasi kile ndicho shahidi wake siku ya bonasi, na bonasi ikija kidogo, kama wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wanavyolalamika mwaka nenda mwaka rudi, vikaratasi hutolewa sandukuni na hesabu ikaanza upya.

Sasa mfuate mama huyo huyo akienda kulipa karo. Huenda mwanawe anasoma Chuo Kikuu cha Kabianga, huko huko katikati ya mashamba ya chai ya Kericho, chuo kilichopata hati yake mwaka wa 2013 baada ya kulelewa na Chuo Kikuu cha Moi. Ama yuko Bomet, katika chuo kilichoanzishwa 2017, nacho pia chini ya Moi. Mama analipa benki, anapewa stakabadhi, basi. Akiambiwa kuna ada mpya ya kitu fulani, hulipa. Akiambiwa mwanawe hatasimama kwenye mahafali kwa sababu maksi za somo moja hazionekani, hulia, halafu hutafuta mtu anayemjua mtu. Hapo hana kikaratasi cha kutoa sandukuni, wala hajui kwamba angeweza kukidai.

Makala ya leo ni ya mama huyo na mwanawe, na pia yako wewe unayesoma ukiwa Buruburu ama Nyali huku ukimlipia karo mpwa wako aliye Kericho. Kuna jambo limo katika vitabu vya sheria za Kenya tangu mwaka wa 2016 ambalo sijaliona likibandikwa kwenye milango mingi ya ofisi. Karatasi za chuo kikuu cha umma si mali ya msajili wala ya naibu chansela. Ni za raia. Unaweza kuziomba kwa barua, kwa Kiswahili ukipenda, bila wakili na bila kumjua mtu yeyote ndani.

Msingi wake ni Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Bunge lilijikokota miaka sita kabla ya kupitisha Sheria ya Kupata Habari, nambari 31 ya 2016, inayoeleza namna ya kuitumia haki hiyo. Si jambo geni ulimwenguni. Wasweden walikuwa na sheria ya aina hii tangu 1766, na jirani zetu wa Uganda walitangulia kwa miaka kumi na moja, mwaka wa 2005. Tanzania ilipata yake mwaka ule ule wa 2016. Uganda na Kenya huzipa ofisi za umma siku 21 za kujibu, Tanzania siku 30.

Hapa pana ajabu ambayo hunifanya nitikise kichwa kila nikiiwazia. Kiwanda cha majani chai ni kampuni ya wakulima wenye hisa, na KTDA yenyewe ilikoma kuwa shirika la serikali mwaka wa 2000. Ukitaka karatasi kutoka kwa kampuni kama hiyo kwa kutumia Kifungu cha 35, ni lazima uonyeshe kwamba unazihitaji ili kutetea au kutumia haki yako fulani. Chuo kikuu cha umma ni tofauti. Huko huna haja ya kuonyesha lolote zaidi ya kwamba wewe ni Mkenya. Kwa hiyo mama yetu, kwa sheria hii, ana nguvu zaidi mlangoni pa chuo kuliko mlangoni pa kiwanda. Lakini ni kiwandani anakonyoosha shingo na ni chuoni anakoinamisha kichwa!

Karani atauliza, "Mama, wewe ni nani, na unataka karatasi hizi za nini?" Swali la kwanza ni halali, maana majibu yanahitaji anwani. La pili halina meno. Sheria inasema wazi kwamba haki ya kupata habari haiathiriwi na sababu anayoitoa mwombaji, wala na vile ofisi inavyodhani kuhusu nia yake. Mtu akitaka kujua chuo kilitumia pesa ngapi kujenga maabara kwa sababu tu anapenda kujua, apewe.

Tuje kwenye ufundi wenyewe, maana ndipo wengi huanguka. Barua nyingi za wazazi na wanafunzi huenda hivi: "Naomba mnieleze ni kwa nini maksi za mwanangu zimepotea." Barua ya namna hiyo hujibiwa kwa maneno matamu: suala lako linashughulikiwa, uwe na subira. Umeomba maelezo, ukapewa maelezo. Sheria ya 2016 haikuandikwa kwa ajili ya maelezo, bali kwa ajili ya habari zilizoandikwa na kuhifadhiwa. Omba karatasi. Itaje kwa jina lake, tarehe yake na ofisi iliyoitoa.

Chukua hilo la maksi. Ni ugonjwa wa vyuo vyetu vya umma nchini kote, si wa chuo kimoja, na umewachelewesha vijana kufuzu huku wenzao wakianza kazi. Mwanafunzi anaambiwa hakufanya mtihani. Yeye anaapa aliufanya. Ni neno lake dhidi ya neno la mhadhiri ambaye pengine amekwisha kuhama. Lakini mtihani wa chuo kikuu huacha nyayo. Aghalabu kuna karatasi ambayo kila mtahiniwa hutia sahihi akiwa ukumbini. Kuna orodha ya maksi ambayo mhadhiri aliikabidhi idara, na siku aliyoikabidhi. Kuna kumbukumbu za kikao cha wakuu kilichopitisha matokeo. Mwanafunzi mwerevu haombi maksi zake zitafutwe. Anaomba nakala ya ukurasa wenye sahihi yake katika mtihani wa somo fulani, tarehe fulani, majina ya wenzake yakiwa yamefunikwa, pamoja na nakala ya sehemu inayomhusu katika orodha iliyowasilishwa na mhadhiri. Sahihi yake ikionekana, hoja ya kwamba hakufanya mtihani imekufa. Tatizo linahama kutoka kwake na kurudi kwa ofisi, mahali pake.

Kwa habari zinazomhusu mwenyewe kuna njia ya pili iliyo fupi zaidi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kuona habari zake binafsi zinazowekwa na taasisi, na kanuni zake za 2021 zinataka ombi hilo litimizwe bila malipo katika siku saba. Njia hii haichagui uraia. Mwanafunzi aliyetoka Sudan Kusini, ambaye hawezi kutumia sheria ya 2016 kwa kuwa ni ya raia wa Kenya, anaweza kuitumia hii.

Sasa wazazi, kaeni chini kidogo, maana nina neno ambalo halitawapendeza wote. Mzazi anayelipa karo hana haki ya kuchungulia maksi za mwanawe aliyetimiza miaka 18. Sheria ya kupata habari inamruhusu afisa kukataa kutoa jambo linaloingilia faragha ya mtu mwingine, na mtoto wako mwenye kitambulisho ni mtu mwingine. Baba anaweza kusafiri kutoka Sotik hadi chuoni, akapiga meza, akatoa stakabadhi zote za benki tangu mwaka wa kwanza, na bado msajili akawa na haki ya kumnyima transkripti. Suluhisho ni jepesi lakini linataka mazungumzo nyumbani: kijana mwenyewe aandike ombi, ama atie sahihi barua ya kumruhusu mzazi aombe kwa niaba yake. Kijana anayekataa kutia sahihi hiyo, huku akiapa kwamba masomo yanaendelea vyema, amekwisha kumjibu babake bila msaada wa ofisi yoyote.

Yale ambayo mzazi anaweza kuyaomba kwa jina lake mwenyewe ni mengi kuliko anavyodhani. Orodha ya karo na ada kama ilivyopitishwa na baraza la chuo. Kumbukumbu za kikao kilichoongeza ada fulani. Idadi ya wanafunzi waliosajiliwa katika kozi na idadi ya wahadhiri wanaoifundisha. Zabuni ya mabweni ilikwenda kwa nani na kwa bei gani. Barua ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inayoonyesha kwamba kozi ile imeidhinishwa. Hii ya mwisho ningeiomba kabla ya kulipa hata shilingi moja. Baada ya mgomo wa wahadhiri wa Septemba hadi Novemba 2025, uliochukua wiki saba huku familia zikiendelea kulipia vyumba vya kupanga, karatasi ya kuomba ilikuwa ratiba mpya ya muhula kama ilivyopitishwa na seneti ya chuo. Wanafunzi wengi waliitegemea minong'ono.

Mengine hata hayahitaji kuombwa. Sheria inazitaka ofisi za umma zitangaze zenyewe mambo ya kimsingi: jinsi zilivyopangwa, kazi na mamlaka ya maafisa wake, viwango vya mishahara, taratibu za kufikia maamuzi. Naye Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua vyuo vya umma kila mwaka wa fedha na ripoti zake huchapishwa. Kwa mzazi anayetaka kujua kama chuo kinadaiwa, na ni siri ya wazi kwamba vyuo vyetu vya umma vimezama katika madeni ya mabilioni, ripoti hiyo ndiyo pa kuanzia. Ni ndefu na kavu kama kuni za kiangazi, lakini sehemu ya mwanzo, ile ya maoni ya mkaguzi, humtosha msomaji wa kawaida.

Kuhusu pesa, kuna suala moja ambalo limezitesa familia za wachumaji chai tangu 2023. Mwaka huo serikali ilianzisha mfumo mpya wa kufadhili masomo, ambapo mwanafunzi huwekwa katika kundi kulingana na hali ya nyumbani kwao. Katika mpango wa makundi matano, kundi la kwanza lilipewa ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, familia ikabaki na asilimia 5. Kundi la tano lilipewa ufadhili wa asilimia 30 na mkopo wa 30, familia ikabebeshwa 40. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba mfumo huo ulikwenda kinyume cha Katiba, na serikali ikakata rufaa. Lakini mzazi wa vibarua wawili wa shamba la chai ambaye mwanawe aliwekwa kundi la nne hangoji wakili. Anataka kujua ni kitu gani kilichoandikwa juu ya nyumba yake hata akahesabiwa miongoni mwa wenye nacho.

Kwenda kugombana na chuo hapa ni kubisha mlango usiokuwa wake. Kupanga makundi si kazi ya chuo. Habari hizo ziko kwa HELB na Hazina ya Vyuo Vikuu. Hata hivyo, mtu akipeleka barua chuoni kwa kutojua, afisa hatakiwi kuitupa. Sheria inampa siku tano za kuihamisha hadi kwenye ofisi iliyo na habari hizo. Mwanafunzi ndiye aombe, kwa kuwa fomu ni yake: nakala ya majibu yaliyotumiwa kumpima, na alama zilizotolewa kwa kila jibu. Mara nyingine huwa ni jibu moja tu lililoandikwa vibaya kwenye saibakafe. Sheria ya 2016 inaruhusu pia kuomba kosa kama hilo lisahihishwe.

Je, vyuo havina haki ya kukataa? Vinayo, tena vizuri ijulikane. Usalama wa taifa, faragha ya wengine, siri za kibiashara za mtu aliyefanya nao kazi, mashauriano ambayo hayajakwisha, haya yote yanaweza kuzuia karatasi isitoke. Mtihani wa wiki ijayo hautatolewa hata ukiandika barua mia! Lakini kukataa kunataka sababu zilizoandikwa, na hata palipo na sababu, manufaa ya umma yakizidi madhara, habari inaweza kutolewa. Mwaka wa 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba mikataba ya reli mpya ya SGR itolewe kwa wanaharakati walioidai, ingawa serikali ilikuwa imeshikilia kwamba ni ya siri. Kama mkataba wa mabilioni na taifa la nje haukufichika mbele ya jaji, sioni ni vipi mkataba wa kupaka bweni rangi utafichika.

Uingereza kuna kisa ambacho nakipenda kwa sababu kinahusu yale yanayofundishwa darasani hasa. Mwaka wa 2006 profesa mmoja wa dawa, David Colquhoun, alikiandikia Chuo Kikuu cha Central Lancashire akiomba maandishi ya masomo ya shahada yao ya homeopathia, aina ya tiba ambayo yeye aliiona haina sayansi. Chuo kilikataa kikidai ni mali yake ya kibiashara. Shauri lilikwenda kwa kamishna wa habari, kisha kwenye baraza la rufaa, na mwaka wa 2009 chuo kikashindwa. Miaka mitatu kwa ajili ya madaftari ya wahadhiri! Profesa yule hakuwa mzazi wala mwanafunzi wa chuo hicho. Alikuwa mtu wa kando aliyeuliza, na sheria ikamtosha.

Jibu ambalo mwombaji wa huku kwetu atalipata mara nyingi, hata hivyo, si "hapana." Ni "faili haionekani." Nionavyo mimi, nusu ya ofisi zinazonyima watu karatasi hazifichi kitu. Zimevurugika tu. Karatasi ziko kwenye katoni chini ya meza ya mtu aliyestaafu. Sheria haiwezi kuzaa karatasi ambayo haijawahi kuandikwa, ila inazitaka ofisi za umma zitunze kumbukumbu zake kwa namna inayowezesha zipatikane. Kwa hiyo "haionekani" ikija, mwombe afisa aiandike kwa barua, aitie sahihi na tarehe. Utashangaa ni faili ngapi huonekana mtu akiombwa kutia sahihi kwamba zimepotea.

Watu wa Kericho, zaidi ya wengi, wanajua faili inayosemekana haipo huwa na uzito gani. Ukoo wa Talai wa Wakipsigis ulihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, chini ya sheria ya kikoloni ya 1934 iliyotungwa kwa ajili yao. Ardhi nyingine ya Wakipsigis ikawa mashamba makubwa ya chai tunayoyaona leo. Wajukuu wanaodai haki hiyo hadi sasa hawana shahidi mwenye nguvu kuliko makaratasi. Na makaratasi yalifichwa. Kenya ilipoomba faili zilizochukuliwa wakati wa uhuru zirudishwe, ilikataliwa. Ilikuwa hadi 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau ikiwa mahakamani London, ndipo serikali ya Uingereza ilipokiri kuwa na maelfu ya faili za makoloni yake ya zamani huko Hanslope Park. Miaka miwili baadaye ilikubali kuwafidia wazee 5,228. Maksi za somo moja si sawa na ardhi ya mababu, sikatai, lakini mlango uliofungwa unafanana.

Basi barua iandikwe vipi? Kwa ufupi. Ielekezwe kwa naibu chansela, au mkuu wa chuo kama ni chuo kishiriki, kwa sababu kisheria mkuu wa ofisi ya umma ndiye afisa wa kupata habari hata kama amemkabidhi mdogo wake kazi hiyo. Sema wewe ni raia wa Kenya. Taja Kifungu cha 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Kisha: "Naomba nakala ya orodha ya karo na ada zote za kozi fulani kwa mwaka wa masomo fulani, kama ilivyopitishwa na baraza la chuo, pamoja na kumbukumbu za kikao kilichoipitisha." Ongeza ujulishwe gharama ya kunakili kabla ya kazi kufanywa. Kuwasilisha ombi hakulipiwi; kinacholipiwa ni gharama halisi ya nakala, na ukishalipa hutakiwi kungoja zaidi ya siku mbili za kazi. Chuo kikikwambia ujaze fomu yake, jaza, lakini hakiwezi kulikataa ombi kwa sababu tu halikuandikwa kwenye fomu hiyo. Andika nakala mbili, na ya pili igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Bila muhuri ule huna pa kuanzia kuhesabu.

Siku 21 ndicho kikomo. Chuo kinaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu, kama karatasi ni nyingi au kuna wa kushauriana nao. Jambo linalohusu uhai au uhuru wa mtu hujibiwa katika saa 48. Kimya baada ya kikomo huhesabiwa kuwa ni kukataa. Hapo wengi hukata tamaa, ilhali ndipo mlango wa pili unapofunguka: ndani ya siku 30 mwandikie Ombudsman, yaani ile tume inayoshughulikia malalamiko ya raia dhidi ya ofisi za umma, ukiambatisha nakala yenye muhuri. Makao yake ni Nairobi lakini ina ofisi Kisumu na Eldoret, karibu zaidi kwa mtu wa Kericho au Bomet. Tume inaweza kuagiza chuo kitoe karatasi, na asiyeridhika na uamuzi wake huenda Mahakama Kuu.

Wanafunzi wengi wataniambia, haya yote ni mazuri, lakini nani atathubutu kumwandikia naibu chansela akiwa bado na mitihani miwili ya kufanya? Hofu hiyo ina msingi na siidharau. Ndiyo maana ni vizuri kwamba sheria haiulizi mwombaji ni nani chuoni. Karatasi za chuo zisizohusu mtu binafsi zinaweza kuombwa na mjomba aliye Mombasa, na mwalimu mstaafu wa kijijini, hata na mwanachama wa kanisa ambaye hajawahi kukanyaga chuo kikuu. Wanafunzi wa darasa zima waliopoteza maksi za somo moja nao wanaweza kuandika barua moja, majina arobaini chini yake. Mhadhiri ni vigumu kulipiza kisasi kwa darasa zima.

Na nyanya ambaye hakusoma? Yule aliyemlea mjukuu kwa mapipa ya maziwa na robo ekari ya chai, anayetaka kujua basari iliyotumwa chuoni kwa jina la mtoto iliingia kwenye akaunti ipi? Aende na mjukuu, ama na barua ya mjukuu ya kumruhusu, aseme kwa mdomo. Afisa anatakiwa aliandike ombi lake kwa niaba yake na kumpa nakala. Afisa anayekataa kumwandikia ametenda kosa ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili.